Krismasi ya kwa bibi: kilichopungua si midoli, ni siku

Saa kumi na moja alfajiri, katikati ya Desemba, Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis hakina pa kutia mguu. Wapiga debe wanaita Moshi, Rombo, Machame na Arusha kwa pumzi moja. Magunia ya mchele yanasukumwa kwenye buti, ndoo zilizofungwa kamba zinapitishwa dirishani, na kwenye mlango wa basi moja la Moshi mtoto wa kama miaka sita amekumbatia boksi la gari la rimoti. Mama yake amemkataza kulifungua mpaka wafike. Betri zikiishia njiani, anamwuliza, bibi utamwonyesha nini?

Safari ni ya kilomita zipatazo 560. Wakijaliwa kufika, mtoto huyo atakaa kwa bibi yake siku nne, pengine tano. Ikifika tarehe 27 wazazi wengi wameshaanza kuulizia nafasi za kurudi, maana ruhusa ya ofisini ni fupi na mabasi ya kurudi nayo yanagombewa.

Watani zao husema Wachagga wanakwenda kuhesabiwa. Utani huo umezoeleka hata wenyewe huutaja kabla hujawatania. Kila Desemba Dar es Salaam hupungua foleni na maduka kadhaa ya Kariakoo hushusha mageti mapema, huku barabara ya Himo kwenda Marangu na Rombo ikijaa magari yenye vumbi la Chalinze.

Mhariri alitaka makala ya midoli na vyakula vya Krismasi za utotoni kwa babu na bibi. Nikaanza kuwauliza watu wa rika langu, wengi wao sasa wana wajukuu au wako njiani kuwapata, wanakumbuka nini. Walitaja waya, ndala, mgomba, moshi wa jikoni na mfuko wa nyama wa kupeleka kwa shangazi. Mdoli wa dukani hakuutaja mtu.

Mgomba ulikuwa duka

Nyumba ya babu na bibi ninayoijua mimi iko Kilema, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, jirani na misheni iliyoanzishwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Shule zikifungwa tulipandishwa basi bila wazazi. Konda alikabidhiwa sisi, barua na kifurushi cha sukari, na Himo tulimkuta mjomba akisubiri.

Hapo Krismasi ilikuwa bado wiki tatu mbele. Hizo wiki tatu ndizo hasa ninazotaka kuziandika.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta ndala. Ndala iliyokatika ilikuwa mali: unakata magurudumu manne kwa kisu cha jikoni bila bibi kujua, unayasugua kwenye jiwe mpaka yawe duara, kisha unatoboa katikati kwa msumari uliopashwa moto. Mwenye bahati alipata makopo manne ya rangi ya viatu, na gari lake lilikuwa na heshima kwa sababu liligonga mawe kwa sauti.

Waya ulikuwa shida zaidi. Ulitoka kwenye mwavuli uliokufa, kwenye hanga, au kwenye uzio wa mtu. Babu alikuwa na plaizi moja tu, ile aliyorekebishia mashine ya mkono ya kumenya kahawa, na kuiazima ilikuwa lazima kwanza umsaidie kuzungusha mashine. Kwa hiyo gari la waya lilianza kwenye kahawa. Ulizungusha mpini mpaka mkono ukauma, ndipo ukapewa plaizi ukakunje bodi, ekseli na usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama.

Gari kama hilo halikuisha kwa siku moja. Waya ulikatika, gurudumu likachomoka, kaka mkubwa akasema limekaa upande, ukaanza upya. Likikamilika kabla ya tarehe 25 uliliendesha kwenda kanisani na kuliegesha nje ukutani pamoja na ya wengine, kisha ukasali ukiliwazia.

> Gari la waya lilianza kwenye kahawa: ulizungusha mpini mpaka mkono ukauma, ndipo ukapewa plaizi

Vilivyobaki vyote vilitoka mgombani. Majani makavu yalisokotwa yakawa mpira, yakakazwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Wasichana walifunga magome makavu wakapata mtoto wa kubeba mgongoni. Kikonyo cha jani kilichanjwa vipande vya kusimama, ukivipitisha mkono kwa kasi vinalia kama risasi. Na mgomba uliokwisha kukatwa mkungu ulivuliwa ganda lake la nje, likawa gari la kuteleza kwenye majani yenye umande, kwenda chini mpaka kwenye mfongo, mfereji wa maji.

Tusijidanganye kwamba wazee wetu walichagua ubunifu badala ya dukani. Dukani hakukuwa na kitu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na mafuta ya kula vilikuwa vya kupanga foleni. Nani angeagiza midoli?

Mambo yalianza kulegea bajeti ya 1984/85 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Ndipo zikaja Krismasi za plastiki: miwani ya rangi, tarumbeta, mapulizo, na ile saa ambayo mishale yake imechorwa. Tulizivaa kwa fahari kubwa, na ifikapo Mwaka Mpya kioo cha miwani kilikuwa kimeshadondoka. Waliozaliwa baada yetu wanazikumbuka saa hizo kwa upendo uleule tunaokumbukia waya, na sioni kwa nini tuwabishie.

Chungu cha wiki nzima

Katika chakula nitakawia kidogo, kwa sababu hapa ndipo siku zinapoonekana.

Mbege haipikwi kwa kushtukiza. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka ziwe za rangi ya udongo mwekundu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Wakati huohuo ulezi unaloweshwa na kufunikwa mpaka uote, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji. Ndizi zikishachujwa, maji yake huchanganywa na uji huo uliopoa, na gome la msesewe huingizwa kuleta uchungu. Anayetaka mbege ya tarehe 25 lazima aanze kuhesabu kurudi nyuma tangu katikati ya mwezi.

Bibi alihesabu kwa vidole na kila kidole kilikuwa na mtoto wake. Wewe utachota maji. Wewe utaanua ulezi mvua ikitishia. Wewe utapanda darini juu ya mafiga ukaangalie ndizi zilizovundikwa zimefikia wapi. Mbege yenyewe hatukuruhusiwa, ila uji wa ulezi kabla haujachanganywa ulikuwa wetu, na kulikuwa na ugomvi wa nani akwangue sufuria.

Mtori nao una ukaidi wake. Watu wa mjini wanaoununua kwenye mgahawa asubuhi hudhani ni supu tu. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa mpaka itoe utamu wake wote, ndizi za mchare zikamenywa na kuchemshwa humo mpaka zilainike, kisha zikapondwa kwa mwiko. Bibi alikataa katakata mtori wenye mabonge. Alionja, akakurudishia mwiko bila kusema neno, ukajua.

Kulikuwa na machalari, ndizi na nyama zisizopondwa, na kiburu cha ndizi na maharage kwa siku ambazo nyama haipo, yaani siku nyingi. Krismasi yenyewe ilitofautishwa na vitu ambavyo leo havimshtui mtoto wa Dar: pilau, chapati, na chupa moja ya soda iliyogawanywa kwa vikombe huku kila mmoja akikagua kikombe cha mwenzake.

Mbuzi alichinjwa na wanaume. Kisusio, ile supu yenye damu, kilikuwa chao wakiwa bado wamezunguka moto. Kisha babu alikaa juu ya kigoda na kugawa, na hapo hakukuwa na kubahatisha: kila kiungo kina mwenyewe kulingana na alivyo kwako katika ukoo, na kukosea ni kumtukana mtu.

Watoto ndio tuliopeleka. Nyama ilifungwa kwenye jani la mgomba, ukaelekezwa: vuka mfongo, pita kwenye isale, ule mmea wa mpakani, nyumba ya pili, sema hii imetoka kwa babu, ni ya shangazi. Ukirudi unaulizwa alisema nini. Kwa njia hiyo, bila mtu kukaa chini kukufundisha, ilipofika Mwaka Mpya ulijua shangazi ni yupi, mpaka wa shamba uko wapi, na ni nani hazungumzi na nani.

> Kwa vifurushi vya nyama, mtoto alijifunza ukoo wote na mipaka ya shamba

Wahaya wanaosoma hapa watasema wao Desemba yao ni senene, na Wakenya wenye ushago wa Kakamega na Kisii watakuwa na orodha yao. Ziandikwe. Mimi nimebaki kwenye mlima ninaoujua.

Dada zetu wanakumbuka ndoo

Wapo wanaochoshwa na masimulizi ya aina hii, na wana hoja.

Kwanza, kumbukumbu ya gari la waya ni ya wavulana zaidi. Dada zangu nilipowauliza, walikumbuka ndoo. Maji ya kupikia ndizi za mbege yalitoka mfongoni kwa vichwa vyao, na vyombo vya watu arobaini vilioshwa na wao wakati sisi tunashindana mteremkoni. Wake wa wajomba walikuwa na Krismasi ngumu zaidi: walitoka mjini na nguo mpya, wakaingia jikoni kwenye moshi wakatoka humo tarehe 27. Hali hiyo haijaisha. Kwenye vikao vya familia vya siku hizi hoja ya kuajiri wapishi inazidi kuletwa na wakwe, na wazee wanazidi kunung'unika.

Pili, zamani kulikuwa na funza, njaa ya miezi fulani, na watoto waliokosa hata hilo gari la waya. Anayesifia umaskini wa jana akiwa kwenye kochi la leo anastahili kutazamwa mara mbili.

Tatu, fedha. Familia ya watu watano kutoka Dar kwenda na kurudi hutumia kiasi ambacho kingelipa ada, na hapo hujanunua mchele, vitenge vya bibi wala mchango wa ukoo. Kila Desemba LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada ya kwenda kaskazini na kuonya wanaopandisha nauli, na kila Desemba abiria hulalamika nauli imepanda. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyosimama kwa takriban miaka 25, ilirejea Desemba 2019 na kuwapa nafuu wenye kipato kidogo. Tangu 2023 mabasi nayo yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Usafiri leo ni mwepesi kuliko wa wakati wetu. Muda wa kukaa ndio umefupishwa.

Umefupishwa na nini? Na mambo mawili makubwa. Wazazi hawawatangulizi tena watoto. Wanasafiri nao, kwa hiyo likizo ya mtoto imekuwa sawa na likizo ya baba. Na shule zikifungwa mapema Desemba, watoto wengi wa mjini huingia moja kwa moja kwenye masomo ya ziada, hasa walio madarasa ya mitihani. Mzazi atakwambia hawezi kumwacha mtoto abaki nyuma ya wenzake kwa ajili ya migomba.

Upande wa bibi nao umebadilika. Bibi wa leo aliyezaliwa miaka ya 1950 si ajabu ni mwalimu au nesi mstaafu. Anapikia gesi, anafuatilia taarifa ya habari, ana dawa za presha za kumeza kwa saa. Kuletewa wajukuu sita kwa wiki tatu si zawadi kwa kila mtu. Wengine wamehamishiwa Dar wenyewe, chumba cha nyuma kwa mtoto wao, karibu na hospitali, na nyumba ya mlimani imefungwa kwa kufuli mpaka Desemba. Unaweza kutembea kijiji kizima mwezi wa Juni ukaona majumba ya ghorofa yenye vigae, na mlinzi tu ndiye anayeishi humo.

Kihamba na mrithi asiyejua njia

Kuna linalozidi hamu ya mtori hapa. Ni ardhi.

Mlimani, familia hukaa kwenye kihamba: nyumba, migomba, kahawa chini yake, miti mikubwa juu yake, ng'ombe wa ndani na makaburi ya waliotangulia, vyote pamoja. Kwa desturi mtoto wa kiume wa mwisho hurithi makazi ya wazazi, na wa kwanza naye huangaliwa. Wa katikati ndio waliosukumwa zaidi kwenda kutafuta. Shule za misheni na fedha ya kahawa, iliyosimamiwa kwa miongo mingi na chama cha KNCU kilichoanzishwa 1933, ziliwapa nauli na vyeti vya kuondokea. Vihamba vimegawanywa mpaka vingine havitoshi kugawanywa tena.

Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliuweka mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Heshima hiyo inategemea watu wanaojua mfongo unafunguliwa siku gani na mgomba upi unang'olewa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,640,087 katika Mkoa wa Kilimanjaro, na ya 2022 ikahesabu 1,861,934. Ni ongezeko la watu wasiofika 222,000 kwa miaka kumi, katika nchi ambayo kwa kipindi hichohicho iliongezeka kwa zaidi ya milioni 16. Vijana wako kwingine.

Ndio maana Desemba imebebeshwa kila kitu. Harusi, ubatizo, kipaimara, kikao cha ukoo, kujengea kaburi la babu, kesi ya mpaka na jirani: vyote vinasubiri watu wapande. Baada ya ibada kuna mnada wa sadaka nje ya kanisa, na mkungu wa ndizi wa mjane mmoja utanunuliwa mara tatu kwa bei ya kichekesho na watu waliotoka mjini wakitaka kuonekana. Inapendeza, tena inasaidia kanisa. Lakini katika ratiba hiyo mtoto ni abiria. Anavalishwa, anapigwa picha mbele ya kaburi, anapewa sahani ya pilau iliyopikwa na mpishi wa kukodiwa, anarudishwa kwenye gari.

> Katika ratiba ya Desemba ya sasa, mtoto ni abiria

Rimoti haina kosa

Wazee wengine wanaolalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui kutengeneza vitu vya kuchezea wanaelekeza kidole kwa simu na kwa plastiki ya Kariakoo. Nadhani wanamwonea mtoto. Mpe mtoto huyo wa boksi la rimoti wiki tatu mlimani: siku ya tatu betri zitakuwa zimekwisha, ya nne atakuwa amelifungua gari kuona lina nini ndani, na ya tano atafuata wenzake wa pale kijijini, ambao baadhi yao bado wanasukuma ringi na kuteleza kwa magome. Tatizo ni kwamba siku ya tano yuko Korogwe, dirishani, anarudi.

Anayemjua bibi kwa sherehe tu anamjua kama mwenyeji wa hafla. Sisi tulimjua kama bosi. Alitupangia kazi, akatukemea, akatulipa kwa uji wa kukwangua, na mapishi yake tuliyashika kwa kuchoka nayo. Hakuna njia ya kumpa mjukuu hayo ndani ya siku nne ambazo mbili ni za kanisani na moja ni ya harusi ya mtu. Mbege yenyewe, kama tulivyoona, inataka zaidi ya hapo.

Si kila familia inaweza, na si kila bibi anataka. Lakini wapo wengi ambao wanaweza na hawajafikiria, kwa sababu wameshazoea kwamba safari ni ya wote au hakuna.

Kama uko kwenye kundi hilo, anza na simu kabla ya tiketi. Mwulize bibi, au babu aliyebaki peke yake, kama afya inaruhusu, anataka wajukuu wangapi na kwa siku ngapi, na nani jirani atamsaidia. Tuma fedha ya chakula kabla ya watoto, si baada. Wavulana nao waambiwe mapema kwamba watachota maji. Kisha mwache mtoto atangulie na shangazi au mjomba anayepanda mapema, wiki shule inapofungwa, nanyi mtamkuta huko tarehe 23.

Tiketi za wiki ya kwanza ya Desemba hupatikana kwa urahisi kuliko za wiki ya Krismasi. Na plaizi iwekwe kwenye begi, maana ya babu huenda imeshapotea.